Barua Mbili za Kukataliwa na Moja ya Kukubaliwa

Mjukuu wangu Koku alikuja kwangu Kiseke Jumamosi iliyopita akiwa amenuna. Alinipa shikamoo kwa sauti ya msibani, nikaitikia marahaba, nikamuuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Alikuwa ameomba kuzungumza kwenye mkutano wa waandika programu, wamemkatalia, tena kwa mara ya pili. Akanionyesha barua yenyewe kwenye simu. Ilikuwa mistari minne na ilianza na "tunasikitika kukufahamisha". Nikacheka hadi nikakohoa, maana maneno hayo nilianza kuyapokea yakiwa bado yanapigwa kwa taipureta.

Koku akakasirika. Akasema bibi hujui uchungu wake. Nikamwambia akae, nikampa uji, kisha nikamweleza nitakayowaeleza na nyinyi wenzake, kwa sababu ameniomba niwaandikie. Mnakutana kila wiki na kompyuta zenu za mapajani na kila mmoja anataka kusimama mbele ya watu. Mimi pia nilitaka. Someni, ila msitegemee kuburudika.

Miaka ile ya Ujamaa, ofisi yetu ilikuwa hapa mjini Mwanza, ghorofa ya pili, dirisha moja likitazama ziwa na mengine yote yakitazama mawe. Kompyuta hatukuwa nayo. Kompyuta ilikuwa Dar es Salaam, na mimi nilifanya kazi miaka sita kabla sijaiona kwa macho. Sisi tulikuwa na mashine za kutoboa kadi. Fomu zilikuja kutoka vijijini zimeandikwa kwa mkono, tunazisoma, tunabonyeza, na kila tarakimu inageuka tundu kwenye kadi ngumu ya karatasi. Kadi zikijaa tunazipanga kwenye makasha ya bati, tunafunga kwa kamba ya katani, yanapanda treni. Baada ya wiki tatu au nne inarudi orodha ndefu iliyokunjwa kunjwa, imepigwa chapa na kompyuta, inasema kijiji gani kipelekewe nini.

Kazi niliyoishughulikia mimi ilikuwa orodha ya chanjo ya surua. Gari la chanjo liliifuata orodha hiyo mstari kwa mstari. Kijiji kisichokuwemo, gari halikusimama. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lushinge, msimamizi wetu, Msukuma wa upande wa Magu, mwenye vidole vinene vya mtu aliyelima pamba tangu utotoni. Nilipofika kutoka Butimba, nilikokuwa nimesomea ualimu, niliviangalia vile vidole nikasema moyoni huyu atavunja mashine. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akikosea kadi tatu kwa siku. Yeye ndiye aliyenifundisha kupepea kadi kabla ya kuzipakia, ili zisigandane. Alinifundisha pia kuziweka kwenye kabati lenye balbu inayowaka wakati wa mvua, kwa sababu unyevu wa ziwa unazivimbisha na kadi iliyovimba inakwama mashineni. Alinitania kila siku kwa Uhaya wangu.

"Adventina," alikuwa akisema, "nyinyi Wahaya hata mkitoboa kadi mnataka ipigiwe makofi."

Nami nilimjibu kwamba yeye angeanza kwanza kwa kutamka "barua", maana kwake ilikuwa "balua" tangu asubuhi mpaka jioni. Tulicheka. Sikujua kwamba utani ule juu ya makofi ungekuja kunichoma mpaka leo.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila mtu mpya: tunatoboa kilichoandikwa. Ukikuta fomu inasema kaya moja ina watoto tisini, toboa tisini, halafu andika kwenye daftari la mashaka, wakubwa waamue. Mtoboaji akianza kusahihisha kwa akili yake hakuna atakayejua tena kipi kilitoka kijijini na kipi kilitoka kichwani mwake. Ilikuwa kanuni nzuri. Mpaka sasa nasema ilikuwa nzuri.

Basi ulikuja wakati watu walipohamishwa kutoka walikokuwa wametawanyika na kukusanywa kwenye vijiji vipya. Vijiji vipya vikapewa namba mpya. Fomu ya chanjo ilikuwa na visanduku viwili vya kujaza: idadi ya watoto mwaka huu, na idadi ya watoto mwaka uliopita. Siku moja nikashika fomu ya kijiji namba 4417, upande wa ziwani. Katibu wa kijiji alikuwa ameandika vizuri, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma kwa tabu na anayeuheshimu mwandiko wake. Mwaka huu: 312. Kwenye kisanduku cha mwaka uliopita hakuandika namba. Aliandika neno moja: "hatukuwepo".

Kisanduku cha namba hakipokei neno. Utaratibu ulisema pakiwa na neno, toboa sifuri. Nikatoboa sifuri.

Orodha iliporudi kutoka Dar, 4417 haikuwemo. Nikadhani kadi imepotea njiani. Nikaitafuta kwenye makasha yaliyorudishwa, nikaikuta salama, haina hata mkunjo. Nikaanza kulinganisha orodha na kadi moja baada ya nyingine, siku nne nzima, mpaka macho yakawasha. Vijiji kumi na kimoja vilikosekana, na vyote vilikuwa na sifuri kwenye kisanduku kile kile. Nikaelewa. Aliyeandika programu alikuwa amewaza hivi: mahali palipokuwa na watoto sifuri mwaka jana hapana watu, kwa hiyo parukwe. Aliandika hivyo kabla watu hawajahamishwa, na wakati ule hakuwa amekosea. Sasa programu ile ilikuwa inaruka watu wazima na watoto wao kana kwamba hawajazaliwa.

Mwaka huo surua haikuingia huko. Tulibahatika tu.

Niliandika Dar kueleza. Wakanijibu kwamba mapendekezo ya kubadili programu yanapokelewa kwenye mkutano wa mwaka wa wataalamu wa kompyuta, na anayetaka kuwasilisha mada atume muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kamati. Vijana, nilipoisoma barua hiyo sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi. Mimi, mtoboaji kadi wa Mwanza, nisimame Dar es Salaam mbele ya wataalamu!

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Niliazima kamusi ya Kiingereza, nikaweka ndani ya ukurasa mmoja kila neno refu nililolipata. Niliandika juu ya uhusiano baina ya namba na mahali, sijui na dhana ya utambulisho, na vijiji kumi na kimoja nikaja kuvitaja kwenye mstari wa mwisho, kama mtu anayeaga. Walinikatalia kwa mistari mitatu: mada haikueleweka. Nilinuna wiki nzima na kusema wale watu wa Dar wanatudharau sisi wa bara. Mzee Lushinge aliomba asome nakala yangu ya kaboni. Akaisoma polepole, akaivua miwani yake, akaifuta.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "hapa nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mzee. Ni mada ya kitaalamu."

"Basi ndiyo maana wamekataa. Mimi mwenyewe nimesoma mpaka mwisho ndiyo nikajua kuna watoto. Anza na watoto."

Hili chukueni kama lilivyo, nalo nilimwambia Koku. Barua ya kwanza ya kukataliwa mara nyingi umeistahili. Usiisome ukiwa na njaa. Kula, lala, isome kesho, halafu umpe nakala mtu asiyekuogopa akuambie ni mstari wa ngapi alipoelewa unataka nini. Na tunza nakala. Kaboni yangu ile ninayo hadi leo, na nikiisoma naona haya peke yangu chumbani.

Mwaka uliofuata niliandika kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Nilianza hivi: kijiji namba 4417 kina watoto mia tatu na kumi na wawili na gari la chanjo halijasimama hapo, kwa sababu ya mstari mmoja wa programu. Nikaeleza mstari wenyewe na namna ya kuurekebisha. Mzee Lushinge alisoma, akasema sasa hata mbuzi ataelewa. Nilikuwa na hakika mno kwamba watanikubali hivi kwamba nilinunua kitenge kabla ya jibu. Miaka ile kupata kitenge kizuri ilikuwa shughuli, mtu unapanga foleni ya duka bila kujua zamu yako ikifika utakuta kitenge au chumvi. Mimi nilipata cha rangi ya bluu, nikampelekea fundi, akanishonea gauni la kusimamia jukwaani. Nikalipiga pasi nikalitundika.

Wakakataa tena. Safari hii barua ilikuwa ndefu na ya adabu. Ilisema Ndugu Adventina, pendekezo lako linaeleweka, ila linaonekana kulalamikia uhamisho wa wananchi, na mkutano wetu ni wa kitaalamu. Jaribu tena mwakani.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimeishika ile barua. Nililia, ndiyo, na nililia kwa ajili yangu. Sikuwakumbuka watoto hata mmoja. Nililia kwa ajili ya gauni.

Wiki mbili baadaye zikawadia fomu za mwaka huo. Mnajiuliza kwa nini 4417 bado ilikuwa na sifuri wakati sasa walikuwepo kwa mwaka mzima. Ni kwamba kisanduku cha mwaka uliopita kilitakiwa kijazwe kutoka kwenye orodha ya mwaka uliopita, na kwenye orodha hiyo hawakuwemo. Yule katibu safari hii aliandika: "hamkutuhesabu". Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri.

Mzee Lushinge alikuja mezani kwangu. Hakuwa na kawaida ya kusogea mezani kwa mtu, ukikosea alikuita kwake. Akasimama pembeni yangu, akaiangalia fomu.

"Adventina, chukua idadi ya mwaka huu, iweke pia kwenye mwaka jana. Hivyo vijiji vyote kumi na kimoja. Kompyuta haitajua."

Nilidhani ananitega. Nikamtazama, nikaona hanitegi.

"Mzee, tunatoboa kilichoandikwa."

Akainama karibu nami. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ili wasichana wengine wasisikie, "Kabula yuko huko."

Kabula alikuwa binti yake. Nilikuwa najua yuko 4417. Aliolewa upande ule, wakahamishwa na mumewe na watoto wao watatu, na Mzee Lushinge alikuwa amenisimulia jinsi walivyobeba milango ya nyumba ya zamani. Nilijua yote hayo, msije mkanitetea kwamba sikujua.

Nilimjibu kwamba tukidanganya kwenye kadi, kosa la programu halitaonekana tena. Tutaokoa kumi na kimoja vya kwetu na mikoa mingine itabaki vile vile. Nikamwambia mwakani lazima watanikubali, na hapo litarekebishwa la nchi nzima mara moja. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, kila moja. Ila chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema: zile sifuri ndizo zilizokuwa ushahidi wangu. Nikizifuta nitapeleka nini mkutanoni? Nitasimama na nini?

Yeye alikuwa msimamizi. Angeweza kuniamuru, au kunipokonya fomu akatoboa mwenyewe kwa vile vidole vyake. Lakini kanuni ilikuwa yake, alikuwa amewafundisha watu ishirini kabla yangu, na mimi nilikuwa nimemrudishia mdomoni mwake. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye kiti chake. Nikatoboa sifuri kumi na moja, na msichana wa kuhakiki akazibonyeza tena kwa mara ya pili, kama utaratibu ulivyotaka, na mashine haikuwasha taa nyekundu kwa sababu wote wawili tulikuwa tumepatia.

Surua iliingia 4417 miezi michache baadaye. Watu walikuwa wamejengewa nyumba karibu karibu, na surua inapenda hivyo. Idadi ya waliokufa sikuwahi kuambiwa. Najua wawili tu, mtoto wa pili na wa tatu wa Kabula, mmoja wa miaka minne na mmoja aliyekuwa ananyonya bado. Watu wote wa ofisini tulienda mazikoni, kwa lori. Nilimkuta Kabula ameketi kwenye mkeka na titi lake limevimba kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya, akinipa pole mimi kwa safari. Nikamshika mkono.

Mzee Lushinge alirudi kazini baada ya matanga. Alipepea kadi zake, akapakia, akaanza kazi. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Utani tu ndio aliouacha. Ningefurahi sana kama angenitukana.

Mwaka wa tatu nilituma pendekezo lile lile, nimelinakili kutoka kwenye kaboni bila kubadili koma. Ndipo ilipokuja barua ya kukubaliwa. Kamati ilisema imevutiwa sana. Ilikuwa na sharti moja dogo: niondoe mfano wa kijiji, nieleze tatizo la programu kwa ujumla, maana wageni watakuwepo.

Nilikaa na barua hiyo siku tatu. Nilijiambia kwamba muhimu ni mstari ule urekebishwe. Nikaondoa 4417. Nikapanda treni, siku mbili na ushee za vumbi, nikalivaa lile gauni la bluu ambalo sasa lilinibana kiunoni, nikazungumza dakika ishirini juu ya vituo vipya visivyo na takwimu za awali. Nilizungumza vizuri. Walipiga makofi, na aibu yangu kubwa ni kwamba makofi yale yalinifurahisha. Kesho yake mwandishi wa programu, kijana mpole mwenye miwani, alinipeleka kwenye kompyuta. Akaitoa kadi moja kutoka kwenye furushi la programu, akatoboa nyingine, akairudishia mahali pake. Haikuchukua muda wa kunywa chai. Ile kadi ya zamani akanipa kama zawadi.

Niliporudi Mwanza nilikwenda moja kwa moja ofisini na mkoba wangu wa safari. Mzee Lushinge alinyanyuka akanipokea mkoba. Nikampa ratiba ya mkutano yenye jina langu. Akaisoma yote, na majina ya wengine pia, kisha akaniuliza.

"Namba yetu uliitaja?"

Nikasema, "Niliitaja, mzee."

"Walisikia?"

"Walisikia wote. Walinyamaza kimya."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante, na jioni hiyo alikwenda hadi kwa Kabula kumwambia kwamba namba ya kijiji chao imetajwa Dar es Salaam mbele ya wakubwa. Alistaafu na habari hiyo. Alizikwa nayo. Kabula bado yuko hai, na mara ya mwisho tulipoonana sokoni, anakouza nyanya, alimwambia mwanamke aliyekuwa naye, huyu ndiye mama aliyetutaja.

Nilipofika hapa katika kumsimulia, Koku alikuwa ameacha kununa. Akaniuliza sasa afanye nini na barua yake. Nikamuuliza mada yake ni ipi. Akasema ni programu ya kliniki moja inayowatumia wajawazito ujumbe wa siku ya kurudi, na wenye simu za kuazima hawaupati. Nikamuuliza kama hao wajawazito wanajulikana. Akasema wanajulikana, majina yapo kwenye daftari la nesi.

Nikamwambia amalize uji, aende kwa nesi Jumatatu. Mkutano utakuwepo tu.

Nanyi kompyuta zenu zinafika mbali kuliko treni yetu, kwa hiyo lipelekeni hili kokote linakoweza kufika. Kijiji namba 4417, watoto mia tatu na kumi na wawili. Mtoboaji nilikuwa mimi. Na sokoni kukiwa na mwanamke anayenisifu kwa kuwataja, mwonyesheni ukurasa huu, msomeeni kama hawezi kusoma, kwa sababu mimi nimejaribu mara nne na kila mara nimeishia kumuuliza bei ya nyanya.